Machale Yangu na Binti wa Vifungo vya Kijani

9 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, cherehani yako nzima, na lile goti lako la kushoto limeacha kubishana na ngazi. Mimi huku ni mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Ukisikia mtu anasema nimekonda, ujue hanijui au ananionea wivu.

Sasa kaa vizuri, maana ndugu yako amepanda cheo katika kiwanda hiki cha kufulia. Unamkumbuka yule Bosi Miwani, aliyesoma mpaka macho yakamwishia kwenye vitabu? Mwaka jana alimwajiri kijana mwenye vyeti vya kutosha kuezekea nyumba. Siku ile ile nikamwambia, "Bosi, huyu machale yananicheza." Akacheka. Haukupita muda, tukagundua yule bwana anaingia kazini mwembamba anatoka mnene. Alikuwa anajizungushia mashuka ya hoteli chini ya shati. Alipofunuliwa, dada, alikuwa na kitanda kizima mwilini, foronya mbili ndani.

Tangu siku hiyo bosi haajiri mtu kabla hajaniuliza mimi. Mimi, wa darasa la sita, tena hilo la sita lenyewe nililisoma nikiwa dirishani. Nimewekewa kiti mlangoni mwa ukumbi wa pasi za mvuke. Mwombaji akija, nakunja naye shuka moja. Yeye pembe mbili, mimi pembe mbili, tunalinyoosha, tunalikung'uta, tunasogeleana. Zile pembe zinapokutana, uso wake unakuwa hapa na wangu hapa, na hapo ndipo tumbo langu linasema. Likinyamaza, anaajiriwa. Likichezacheza, nageuka nasema, "Bosi, maji." Bosi ananimiminia glasi, mimi nakunywa taratibu, yeye anamwambia mwombaji ataitwa. Haitwi. Siku hizi nakunywa maji mengi. Na usifikiri nabagua. Hata yule binamu yetu alikuja akasema "sisi damu moja," nikamwambia hapa hakuna damu, hapa kuna tumbo.

Nikupe kichekesho cha wiki iliyopita, uwasomee hao majirani zako. Kaja binti mmoja, gauni zuri, ila vifungo vya kijani vikubwa kama vizibo vya chupa. Hata shikamoo hakunipa. "Habari za asubuhi," basi. Nikaanza kumshuku hapo hapo. Halafu akawa ananitazama huku akibana tabasamu, kama mtu aliyekuficha kitu nyuma ya mgongo. Tukashika shuka. Dada, ungemwona. Analibana upindo kidevuni kama mpiga fidla, anakung'uta mara mbili, paa, paa, ndipo anakuja. Na kumalizia, anaingiza ncha ndani ya mkunjo, shuka likawa kama bahasha. Pembe zilipokutana, tumbo langu halikucheza tu, lilipinduka. Sijawahi kusikia machale makali namna ile. Nikasema "maji" kabla hata sijageuka.

Akauliza, "Nimekosea wapi, mzee?"

Nikamwambia, "Hujakosea, binti. Rudi kwa mama yako akufundishe kukunja shuka. Akimaliza, akufundishe kusimama mbele ya watu."

Foleni nzima ilicheka. Mama wa pasi alicheka mpaka akafuta macho kwa foronya ya hoteli, ikabidi ifuliwe upya. Lile tabasamu lilimtoka yule binti kama taa iliyokatiwa umeme. Nakwambia, ningelimwajiri huyo, sasa hivi tungekuwa tunatafuta mashine, si mashuka.

Wasalimie wote. Mwambie mpwa wangu ajikaze na masomo, mjomba wake ni mtu mkubwa huku.

Mdogo wako, mwenye tumbo la kusifika

*

1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti lipo.

Barua yako ilifika chumba kikiwa kimejaa. Majirani walikuja kujaribu nguo, nikawasomea kwa sauti kama kawaida, maana wanakupenda kuliko redio. Tulicheka kwa yule mwizi aliyevaa kitanda. Tukaendelea kucheka. Nikafika kwenye vifungo vya kijani, nikacheka pia, kwa sababu mdomo ulikuwa umeshatangulia. Halafu nikaacha kusoma. Wenzangu wakawa wananisubiri niendelee. Nikawaambia mwandiko umefifia.

Vile vifungo nilivishona mimi. Vilibaki kwenye koti la mteja, nikaviweka miaka, nikasema mwanangu akipata safari vitamfaa. Gauni nimelishona mimi. Huyo binti ni mpwa wako. Yule uliyemwacha anatambaa, akikuvuta kamba za viatu.

Masomo amemaliza. Sikukuandikia kwa sababu yeye mwenyewe alinikataza. Alikuwa amesoma barua zako zote, zile za kusema kwako hakuna undugu. Akasema, "Mama, sitaki aseme nimebebwa. Nitaingia kwa mikono yangu. Akishanichukua, ndipo nitampa shikamoo yake." Ile shikamoo, kaka, aliifanyia mazoezi hapa mbele ya kioo. Alikuwa akisema, "Shikamoo, mjomba," halafu anacheka peke yake akifikiria uso wako utakavyokuwa. Ndiyo maana hakukupa mlangoni. Alikuwa ameitunza.

Na kukunja kule ulikokuita kwa mpiga fidla, nimemfundisha mimi, ambaye nilifundishwa na mama, siku zile zile ulizofundishwa wewe. Umesahau nani alikuwa anashika upande wa pili?

Umemwambia arudi kwa mama yake akafundishwe. Hajarudi. Aliniletea kadi moja tu ya kusema amefika, na kwamba ataandika akishaanza kazi. Tangu hapo kimya. Alifikia kwa rafiki yake wa shule, msusi, anafanya kazi saluni nyuma ya soko, mlango wa bluu. Sitaki maelezo yako. Nitafutie mwanangu.

Dada yako

*

17 Machi

Dada,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza afya yako, lakini nauliza. U mzima?

Barua yako niliisoma chumba cha boila, kwa sababu huwa nazisomea huko barua zako nikiwa na wenzangu, tunakula vichekesho. Walikuwa wameshakaa. Mwenye boila akasema, "Haya, Mzee wa Machale, dada anasemaje?" Nikasema dada anasalimia. Nikaikunja. Joto la mle ndani si la kawaida, lakini siku hiyo niliona baridi miguuni.

Nilikwenda saluni nikiwa bado na sare ya kazi. Nimekuta wasichana watatu na wateja wao. Nikasema namtafuta binti fulani, mimi ni mjomba wake. Msusi mmoja, mrefu, hakuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anasuka.

"Mjomba yupi?" akauliza. "Maana tunaye mmoja tu tunayemsikia hapa, Bwana Maji."

Nikatazama nywele zilizozagaa sakafuni.

"Ni wewe?"

Nikasema ni mimi.

Akaweka chanuo chini, akasimama, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akafumba macho. "Subiri kwanza," akasema. "Naliuliza." Kisha akafumbua. "Machale yangu yanasema nisikwambie. Shoga, nipe maji."

Walicheka, dada. Walicheka wote, mpaka yule aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, ambaye nina hakika hakusikia neno. Nilisimama pale kama kigogo cha kuning'inizia makoti. Nikajua hivi ndivyo alivyosimama yeye, tena mbele ya foleni ndefu zaidi, tena akiwa amevaa gauni la mama yake.

Nilipokuwa mlangoni msusi alinifuata. Kicheko kilikuwa kimeisha usoni. Akasema, "Yuko mzima. Ana kazi, ana chumba, anakula. Alisema akija mtu wa kwao nimwambie hivyo, na nisizidishe." Nikamwuliza kama ameniachia neno lolote. Akasema, "Alilia siku nzima, mzee. Hilo si neno?"

Basi yuko mzima. Nalirudia hilo kwa sababu ndilo unalolitaka. Mengine ni yangu. Kazini nikishika shuka naona kama linanitazama. Wakati wa chakula mama wa pasi amenisogezea glasi ya maji kwa nia njema, nikainuka mezani.

Mdogo wako

*

10 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na ninalala tena. Mwanangu ameandika. Yuko mzima kweli, ana kazi ya halali. Hataki nikwambie wapi, na mimi sitakwambia, kwa hiyo usiniulize kwa ujanja ujanja wako.

Nilikuwa nimeapa kutokuandikia. Lakini nikiwa kwenye cherehani miguu inakwenda na kichwa nacho kinakwenda, na kwa muda wote huu kimekuwa kinazunguka kwenye lile neno lako.

Machale ni neno zuri, sina ugomvi nalo. Mtu anaikaribia njia fulani, anasita bila sababu, anapita nyingine, kesho yake anasikia kule kulikuwa na vibaka. Huyo amechezwa na machale. Ni neno la hatari, na kazi yake ni hiyo moja. Lakini wewe umelifanya sufuria la kupikia kila kitu. Ukiona njaa, machale. Mtu akikushinda kwa kusoma, machale. Ukiulizwa swali usilolijua, unashika tumbo unasema machale, na watu wanaona una kipaji.

Mama hakuwa hivyo. Mama alikuwa na neno kwa kila kinachotokea chini ya mbavu. Ulipokuwa unasubiri matokeo ya mtihani, alisema ana tumbo joto. Baba alipoondoka, alisema maini yanamkatika, na hatukuhitaji kuuliza zaidi. Jirani alipomsengenya, nyongo ilimpanda. Ulipougua surua, roho yake ilikuwa kiganjani. Na aibu aliiita aibu, wala hakuipunguzia makali kwa kuita haya, kwa sababu haya ni ile inayokuzuia kabla, na aibu ndiyo inayokukuta baada. Hakuwahi kuyachanganya, kama ambavyo hakuwahi kuchanganya nyeupe na za rangi kwenye beseni moja. Wewe, mtoto wa dobi, umetia yote kwenye maji yale yale, na unashangaa yametoka na rangi moja.

Sasa nijibu. Sitaki mzaha, sitaki mashairi. Mwanangu alipokusogelea na pembe za shuka, kilichokutokea tumboni, kabla hujakipa jina, kilikuwa nini?

Dada yako

*

5 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilianza barua hii nikaichana, nikaanza nyingine nikaichana. Kila nikiandika, naona nimejipa uzuri. Nitakwambia kama kilivyokuja.

Kwanza ilikuwa ile paa, paa. Nilipoisikia, kifua kilijaa. Sijui nikueleze vipi. Kama mtu amefungua mlango wa chumba ulichozoea kulala ukiwa mdogo. Nikasikia harufu ya sabuni ya mche, ile ya kukata kwa uzi, ambayo hapa kiwandani hatuna kabisa. Nikaona mikono ya mama upande wa pili wa shuka. Hicho kilikuwa cha kwanza, na kilikuwa kitamu.

Cha pili kilikuja juu yake hapo hapo. Kidevu. Dada, sijawahi kukusimulia. Nilipofika hapa nikiwa mgeni, siku ya kwanza nilishika shuka nikalibana kidevuni, kama tulivyofundishwa. Ukumbi mzima ulisimamisha kazi. Wakaniita Fidla. Wakawa wakinipita wanapiga fidla hewani. Nilikaa na jina hilo mpaka nikajifunza kukunja kama wao, na tangu hapo mimi ndiye ninayewapa wengine majina. Sasa huyu binti anatokea na kidevu changu mbele ya watu wote, na mimi nimekaa kwenye kiti. Nikaogopa watakumbuka. Nikasikia tumbo linapinduka, nikamfukuza aliyelipindua. Neno nililokuwa nalo mdomoni ni machale, kwa sababu ndilo lililonipa kile kiti. Lakini haikuwa hatari, dada. Ilikuwa aibu. Na lile neno la fidla nililokuandikia nikicheka, halikuwa langu. Ni lao. Nilimvika mtoto wako jina nililovishwa mimi.

Nimekwenda kwa Bosi Miwani. Nikamwambia, "Bosi, tumbo langu ni tumbo tu. Linajua kula." Akadhani natania. Nilipomwambia yule binti ni nani, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Lakini yule mwizi ulimjua." Nikamwambia yule alikuwa na macho mekundu na viatu vya bei kuliko vyangu, nilimwonea wivu, nikabahatisha. Akauliza, "Na wengine wote?" Nilifikiria zile glasi. Kila glasi ilikuwa mtu. Wengine sikumbuki hata sura zao, nakumbuka tu maji yalikuwa baridi.

Siku hizi mwombaji anakunja shuka na mama wa pasi. Likinyooka, anaajiriwa, basi. Mimi nimerudishwa kwenye marejesho, yale mashuka yanayorudishwa na wateja kwa kuwa hayakutakata. Kiti wamempa mwenye boila aweke redio.

Usinionee huruma, sijakuandikia kwa ajili hiyo.

Mdogo wako

*

22 Juni

Dada,

Shikamoo. Habari za hapo? Mimi mzima, ila nina la kukueleza na silijui mwisho wake.

Nilikwambia nimewekwa kwenye marejesho. Hospitali moja tunayoifulia imekuwa ikirudisha mashuka kuliko wateja wote. Zamani walikuwa wanapokea chochote, hata kilichotoka na doa lenye ramani. Lakini sasa kila wiki kinarudi kigunia, na madereva wanalalamika kwamba kule stoo kuna mtu mpya, mkali, hapitishi hata tone la iodini.

Wiki jana nikafungua kigunia chao. Mashuka ya kurudishwa huwa yamesokotwa ovyo, nani atakunja kitu anachokikataa? Haya yalikuwa yamekunjwa. Upindo ndani, ncha imeingizwa kwenye mkunjo, kila moja kama bahasha. Nilichukua moja nikalirusha juu, likaanguka bila kufumuka. Mama alikuwa anayakunja hivyo ili upepo usimfumulie kichwani akiwapelekea wateja. Nilikaa chini kwenye gunia la sabuni.

Nikamwomba dereva nimsaidie kupakua. Stoo yao ina dirisha dogo lenye kizingiti cha bati, na ndani kuna taa moja ndefu. Alikuwa amevaa koti la kazi la hospitali, limekosa kifungo kimoja katikati, na mahali pake pameshonwa cha kijani.

Aliniona. Hakushtuka, labda alikuwa ananitarajia. Alichukua shuka la juu kwenye mzigo wetu, akafungua mlango wa pembeni, akaniambia, "Shika."

Nikashika pembe mbili. Akarudi nyuma mpaka likanyooka chini ya taa. Palikuwa na doa karibu na upindo, la rangi ya chai.

"Hili mlilifua," akauliza, "au mlilionyesha maji tu?"

"Tulilionyesha," nikasema.

"Basi linarudi."

Tukalikunja. Hakutumia kidevu, la hospitali hilo, ila alilikung'uta mara mbili, na mikono yangu ikakung'uta naye bila kuniuliza. Alinisogelea. Uso wake ukawa hapa na wangu hapa. Dada, ana nyusi za mama. Mlangoni siku ile nilizitazama nyusi hizo hizo nikaita maji. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima ndani ya gari, ina mwanzo na katikati na mzaha mmoja wa kupooza. Yote iliyotoka ni, "Nisamehe, binti. Aliyekosea ni mimi."

"Najua," akasema. Akachukua pembe mkononi mwangu, akaingiza ncha, akanikabidhi bahasha yangu.

Nilikuwa nimeshageuka, nimefika kwenye ngazi ya kupakulia, nikasikia nyuma yangu, si kwa sauti kubwa, "Shikamoo, mjomba."

Nikasimama. Neno la kujibu si la darasa la saba, hata mtoto analijua. Likanigomea. Nikawaza, marahaba ni ya mtu mwenye heshima yake, mimi naipokea kwa mkono gani? Nikaona nikiitikia nitakuwa kama mwizi anayetoka na shuka chini ya shati. Sikugeuka. Nikapanda gari na doa langu.

Nimejitahidi kukuandikia bila kujipa uzuri.

Mdogo wako

*

8 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Umeona? Imeandikika, haikuvunja kalamu. Afya ni njema.

Mwanangu ameniandikia kabla yako. Nakunakilia neno kwa neno: "Mama, nimempa ile shikamoo niliyokuwa nimeitunza. Ameniachia mkononi."

Unafikiri aibu yako ni unyenyekevu. Mara ya kwanza ulimkataa kwa sababu ya aibu ya zamani, mara ya pili umemkataa kwa sababu ya hii mpya. Yeye kwake ni kule kule kukataliwa, hana haja ya kujua ni aibu ipi. Kuna mtu amekwambia marahaba ni zawadi ya watu wema? Ni jibu. Mtoto ameamkia, mkubwa anaitikia, awe mwema awe mjinga.

Hukumwambia arudi kwa mama yake akafundishwe? Haya, na wewe mama yako angekufundisha hivi. Rudi ukaitikie.

Dada yako

*

19 Julai

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na goti.

Lile shuka sikulitia kwenye mashine. Nimelifua kwa mikono, kwa sabuni ya mche, kwenye beseni, mwenye boila akinicheka. Nimelipeleka leo asubuhi. Dirishani palikuwa na foleni, wauguzi, wasukuma vitanda, na dereva wetu, wote wakisikia. Alilifungua chini ya taa. Nikalisikia tumbo langu linafanya kile kile. Sikulipa jina, nililiacha limalize.

Nikasema, kwa sauti kubwa ile ile niliyomfukuzia mlangoni, "Marahaba, mwanangu."

Foleni ikageuka kunitazama, maana hakuna aliyekuwa amesikia mtu akiniamkia.

Yeye hakuinua macho kwenye shuka. Akasema, "Umechelewa, mjomba." Alilitazama mpaka mwisho wa upindo. Halafu akanipa pembe mbili, tukalikunja, akasema, "Weka juu ya mengine."

Mdogo wako